Nani Aliyeandika "Achilia"?

4 Machi

Chiriku wangu, mtoto wa kaka yangu,

Kabla hujauliza: sisi wazima. Baba yako mzima pia, isipokuwa ulimi, ambao tangu azaliwe haujapata nafuu. Jumapili alikuja kula, akala, akasinzia kwenye kiti changu, akaamka akaniambia nimenenepa. Mkunga mwenzangu hapa zahanati anakusalimu. Kitinda mimba wake ameota meno mawili kwa mpigo, anamng'ata kila anayemsogelea. Ananiheshimu mimi tu.

Najua utasema, "Shangazi, si ungepiga simu?" Simu haishikiki. Mtu akisema neno kwenye simu, kesho analikana. Barua naitia kwenye kopo la biskuti, na siku ukinibishia nafungua kopo.

Sasa nikueleze yaliyonikuta. Unajua tulipewa vishikwambi viwili vya kuandikia watoto. Wengine wanaviita tableti, lakini kwangu tableti ni kidonge, kimeze na maji. Ijumaa niliviacha vyema. Jumatatu naingia, navikuta vimejibadilisha vyenyewe, wanasema mfumo mpya umeshuka. Rangi zimepauka. Kitufe cha kuhifadhi, kilichokuwa chini kulia miaka yote, kimehamia juu kushoto bila kuaga. Na vinaongea Kiswahili! Zamani ilikuwa Kiingereza, mimi nilishakariri mahali pa kubonyeza, sina haja ya kusoma.

Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Nikaandika arobaini na watatu: uzito, kimo, chanjo. Saa saba mchana nikataka kufunga. Kikaniuliza: "Achilia mabadiliko?" Chini yake, Ndiyo na Hapana. Mimi nikajua kazi imekwisha, kinaomba ruhusa ya kuzituma taarifa makao makuu. Si unafungua zizi, unaachilia ng'ombe waende malishoni? Nikabonyeza Ndiyo. Wakaenda kweli. Mpaka leo hawajarudi.

Kesho yake tukawaita kina mama wote warudi na watoto wao. Arobaini na mmoja walikuja, kila mmoja na maneno yake ameyaandaa njiani. Yule fundi cherehani wa jirani na soko akaniuliza, "Sista, jana alikuwa kilo saba. Ulitaka leo awe nane?" Wawili ambao hawakuja niliwafuata kwa miguu, nimebeba mizani begani.

Wewe uko huko mjini kwenye mambo ya kompyuta, sijui unafanya nini hasa, maana kila ukinieleza nasahau kabla hujamaliza. Hebu niambie: nani aliyeandika "achilia"? Ana wazazi huyu mtu? Amelelewa na nani?

Nijibu upesi, nisije nikapata presha.

Shangazi yako


27 Machi

Shangazi mpendwa,

Barua yako imenifikia, nimeisoma nimesimama mlangoni kabla hata ya kuvua viatu. Nimefurahi mko salama. Mwambie Baba kwamba unene ni afya, na kwamba mwenye kiti ndiye mwenye haki ya kusinzia juu yake.

Mimi sijambo. Lifti ya ofisini imeharibika tangu mwezi uliopita na sisi tuko ghorofa ya tano, kwa hiyo miguu yangu sasa ni ya mwanariadha. Chumba nilichopanga kina dirisha moja, linatazama ukuta wa kiwanda cha magodoro. Lakini jirani yangu, dereva wa gari la wagonjwa, ni mtu mwema, huniletea maji yakikatika.

Pole sana kwa mkasa ule. Wakati mwingine kikikuuliza vile, bonyeza Hapana, kisha gusa ile alama ya juu kushoto, ndipo ufunge. Na kuna kitu kipya kizuri kwenye mfumo huu: ingia Mipangilio, halafu Maandishi, halafu Makubwa. Herufi zinakuwa kama za kwenye bango. Jaribu. Miwani yako uliibadilisha lini, kwani?

Kuhusu huyo aliyeandika "achilia", ofisi hizi zina watu wengi, Shangazi. Huenda alikuwa na sababu zake. Na kazi yangu mimi ni ya maneno maneno tu, haina la kusimulia.

Msalimie mkunga. Umwambie amkague yule mtoto, asije akaota la tatu.

Chiriku


19 Aprili

Chiriku,

Sote twapumua. Baba yako amenunua baiskeli ya mtu, haina breki, na ameniambia breki ni za waoga. Jumamosi alisimamishwa na ua wa mchungaji. Ua ndio ulioumia.

Nimesoma barua yako. "Huenda alikuwa na sababu zake." Chiriku! Hata mwizi wa kuku ana sababu zake!

Na si "achilia" peke yake. Juzi kikaniambia, "Mwenyeji hapatikani." Nikakijibu, mwenyeji ni mimi, niko hapa mwaka wa thelathini na moja, wewe ndiye mgeni. Jana kikaniuliza kama nakubali vidakuzi. Nikasema wadaku ninao wa kutosha, baba yako akiwa mwenyekiti wao. Mkunga alicheka mpaka akaketi chini. Siku hizi tumegawana kazi: yeye anasoma mizani na kunitajia, mimi naandika. Inakwenda haraka zaidi hivyo.

Hayo maandishi makubwa ni ya wazee. Sijayahitaji.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua ya pili, imefungwa. Ni malalamiko yangu kwa kampuni iliyotengeneza mfumo. Anwani sina, lakini wewe uko huko huko, ipeleke kwa mkono wako. Usiiache kwa mlinzi. Mtafute huyo mtu wa "achilia", umkabidhi ana kwa ana, umtazame usoni anaposoma, kisha uniandikie alivyokunja uso. Nimemwandikia kwa adabu. Sikumtukana popote, ila mstari wa nne.

Shangazi yako, Sista wa Mizani (ndivyo kina mama wanavyoniita sasa)


6 Mei

Shangazi,

Salamu nyingi, na pole kwa ua wa mchungaji.

Barua yako ya malalamiko nimeifikisha. Mhusika ameipokea kwa mikono miwili. Ameisoma yote, pamoja na mstari wa nne. Uso aliukunja sana, na baadaye alikwenda kunawa. Ninaamini imemwingia.

Sina mengi leo, kazi imetubana.

Lakini Shangazi, uniwie radhi, nauliza tena. Barua yako ya Aprili mistari inapandana, na herufi zako, zilizokuwa ndogo kama punje za mtama, sasa mbili zinajaza kiganja. Macho yako yakoje?

Chiriku


20 Juni

Shangazi,

Siku arobaini na tano tangu nikuandikie, na jibu lako sijaliona. Nimempigia Baba mara tatu, kila mara anasema "Yupo, yupo," kisha anaanza habari za baiskeli. Natumai ni hasira tu, si ugonjwa. Hasira yako naijua, nitaivumilia.

Nimeshindwa kuendelea kunyamaza. Uliuliza aliyeandika "achilia" ni nani. Ni mimi, Shangazi. Uliuliza amelelewa na nani. Amelelewa na wewe.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya maneno maneno. Mfumo wa vishikwambi unaandikwa kwa Kiingereza, sisi watu sita tunauvisha Kiswahili. Hatuoni kishikwambi chenyewe. Tunaletewa orodha, mistari mia tatu kwa siku, haina picha wala maelezo: hujui mstari huu utamtokea nani, wala wakati gani. Ule mstari kwa Kiingereza ulikuwa na maana ya kutupa. Mimi nikaona "tupa" ni neno la kumrushia mtu usoni. Nikakumbuka ulivyotukataza kusema "nipe" bila "tafadhali". Nikatafuta neno lenye adabu, nikapata "achilia". Na nilijivunia! Mchana ule nilikula nikitabasamu peke yangu.

Barua yako ya malalamiko niliifungulia mezani kwangu, nikaisoma, nikaenda kunawa uso, kama nilivyokuandikia. Sikukudanganya. Nilikuficha tu, na najua utaniambia hakuna tofauti.

Sikiliza yaliyofuata. Wiki iliyopita tulikuwa na mkutano. Toleo kubwa lijalo linafungwa mwisho wa Julai, na maneno yakishafungwa hayafunguliwi tena mwaka mzima. Mwenzetu mmoja akasema maneno ya zamani yabaki yalivyo, hakuna aliyelalamika. Nikasimama. Nikawasomea barua yako ya Machi kuanzia juu mpaka chini. Nilipofika kwenye ng'ombe wa zizini walicheka. Nilipofika kwenye wale watoto wawili uliowafuata na mizani begani, yule mwenzetu alifunga daftari lake.

Msimamizi wetu ni mama mmoja mrefu, hucheka mara mbili kwa mwaka. Akaniambia, "Huyo sista anajua kutumia maneno kuliko sisi. Mwambie atupe sentensi." Swali lisizidi herufi arobaini, pamoja na nafasi. Vitufe visizidi herufi tisa kila kimoja.

Nimejaribu peke yangu, kila ninachoandika naona kinaachilia ng'ombe. Nisaidie, Shangazi. Na unisamehe, kwa mpangilio wowote utakaopenda.

Chiriku wako, kama bado ni wako


8 Julai

Chiriku,

Usishtuke kuona mwandiko mzuri. Anayeandika ni mkunga, mimi nasema tu. Nimemwonya aandike ninachosema, asiongeze lake. (Mimi mkunga: nakusalimu sana. Meno sasa manne.)

Nilijua. Jumapili ya kwanza ya Mei baba yako alikula, akasinzia, akaamka, akasema, "Lakini si mtoto wangu ndiye anayeandika maneno ya hivyo vishikwambi?" Kisha akaomba chai. Nimekaa na habari hiyo tangu siku ile. Nilikuwa nikisubiri uniambie mwenyewe. Umechelewa, lakini umesema, na umesimama mbele ya watu kulisema. Nimefungua kopo la biskuti nikaiweka barua yako juu ya zote. (Kwanza alinisomesha mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anajifuta pua.)

Sasa zamu yangu. Kunyamaza kwangu hakukuwa hasira. Ilikuwa aibu. Chiriku, siku ile sikusoma "achilia". Sikusoma chochote. Mbele yangu niliona ukungu na vivuli viwili, nikabonyeza kile cha kwanza. Maneno yenyewe nilisomewa na mkunga kesho yake, kwenye kile kishikwambi kingine. Nilipoyasikia, nikayashikilia. Ni raha kumlaumu mtu asiye na jina, kuliko kusema kwamba Sista wa Mizani haioni mizani.

Kwa nini sikusema? Niliogopa nitaambiwa nivue sare niende nyumbani, nikakae na baba yako nisikilize habari za breki.

Basi baada ya barua yako nilikwenda kwa mganga mkuu wetu, nikafunga mlango, nikamweleza yote. Alinimulika macho kwa tochi yake, huku na huku. Akasema, "Sista, una mtoto wa jicho." Nikamwambia, "Miaka thelathini na moja napima watoto wa watu, leo na mimi nimepata wangu." Akacheka, akaandika rufaa palepale. Jicho la kulia linafanyiwa upasuaji tarehe ishirini na nne ya mwezi huu, la kushoto majuma matatu baadaye. Nikamuuliza kuhusu kazi. Akasema, "Ukiondoka wewe, nani atawanyamazisha kina mama pale benchini?" Nilitoka ofisini kwake nikitembea kama bibi harusi.

Lakini usidhani wewe umepona. Jana tulifanya jaribio. Mkunga ana macho ya mwewe. Tukaweka katoni ya sabuni kwenye mizani, kilo tano, akaiandika kama mtoto, kisha akafunga. Kikamuuliza achilie au asiachilie. Akasoma, akafikiri, akabonyeza Ndiyo. Sabuni imepotea, haimo popote. (Ni kweli. Hata mimi nilidhani inatumwa.) Kwa hiyo tugawane: nusu ya kosa yangu, nusu yako.

Sentensi yako hii hapa. Tumeibishania mchana kutwa mimi, mkunga na dada wa maabara. Usimwulize mtu kama aachilie. Mwambie kwanza kilichotokea, kisha muulize anachotaka:

"Uliyoandika hayajahifadhiwa. Yapotee?"

Vitufe: "Yapotee" na "Yabaki". Mkunga amehesabu, swali ni herufi thelathini na saba, pamoja na nukta. Hayo ya Ndiyo na Hapana yaondoe. Mtu aliyechoka hasomi swali, anasoma kitufe.

Na msamaha ulishaupata siku nyingi. Ila mstari wa nne siufuti. Uliustahili.

Shangazi yako (na mkono wa mkunga)


2 Septemba

Shangazi wangu,

Baba alinitumia ujumbe wa simu baada ya jicho la pili. Maneno matatu: "Amefanyiwa. Anaona. Anasumbua." Niliruka juu hapo hapo kwenye ngazi, ghorofa ya tatu, nikamwagia karani wa watu chai. Naye alipojua sababu akasema haidhuru.

Habari ya sentensi yako sasa. Niliipeleka kwa msimamizi. Akaisoma kimya, akachukua kishikwambi cha majaribio, akanivuta mpaka chini getini. Akawaita mlinzi, mfagizi, dereva, muuza magazeti na mama mmoja mpita njia aliyekuwa akiuliza njia ya posta. Kila mmoja akampa aandike neno moja, kisha akamwambia afunge. Kwanza tukawapa ya zamani: wanne kati ya watano wakapoteza. Mlinzi alikasirika kabisa, alikuwa ameandika jina la mkewe. Kisha tukawapa yako. Wote watano wakabonyeza "Yabaki", haraka, bila kuuliza mtu.

Msimamizi akacheka. Tumehesabu, ni mara ya tatu mwaka huu.

Sentensi yako imo ndani ya toleo jipya, Shangazi, na litashuka kwenye vishikwambi vyote mwezi huu. Na kuna jingine. Kuanzia sasa, kabla orodha haijafungwa, mistari mizito itasomwa kwanza na watu wanaofanya kazi yenyewe. Msimamizi ameniomba nikuulize kama ninyi watatu mtakubali kuwa wasomaji wa kwanza. Nilimwonya kuhusu ulimi wako. Akasema ndio anaoutaka.

Nimeomba likizo ya Desemba. Niambie nilale kwenye chumba gani, maana nasikia Baba amehamishia baiskeli kwenye kile changu.

Chiriku


29 Septemba

Chiriku, mwanangu,

Naandika kwa mkono wangu, na naona ninachoandika. Tazama herufi: punje za mtama zimerudi.

Ninakuomba usimwambie mtu yeyote afanyiwe macho bila kumwandaa. Nimerudi nyumbani nikakuta vumbi la mwaka mzima, nilikuwa nikidhani ni kivuli. Nilikuwa naona kuta za zahanati ni za kijivu. Kumbe ni bluu, tena bluu nzuri. Na baba yako! Kumbe anapaka nywele rangi! Muda wote namwona kijana, nasema kaka yangu Mungu amemjalia. Nilipomwambia alisema ni mafuta tu. Mafuta gani yanaacha alama kwenye mto wa kiti changu? Baiskeli anaitoa chumbani mwako wiki ijayo. Nimempa tarehe.

Ile kazi ya kusoma tumekubali. Orodha ya kwanza ya msimamizi wako ilifika Alhamisi, mistari sitini. Tumekaa mimi, mkunga na dada wa maabara, tumeipitisha ishirini na sita. Iliyobaki tumeirudisha na maelezo. Mmoja unasema, "Kitendo kimeshindwa kutendeka." Mkunga ameandika pembeni: "Poleni. Kitendo gani?" Mwambie aliyeuandika asikate tamaa. Na kama ni wewe tena, usiniambie kwanza.

Toleo jipya lilishuka Jumatatu. Kitufe cha kuhifadhi kimehama tena, sasa kiko chini katikati, na sikukasirika sana, maana nilikiona. Ilikuwa siku ya kliniki, benchi zimejaa mpaka nje ya mlango. Nilipomaliza wa kumi nikajifanya nataka kufunga bila kuhifadhi, makusudi. Ikaja! "Uliyoandika hayajahifadhiwa. Yapotee?" Maneno yangu, kwenye kioo, yamenikodolea macho. Nilisahau kubonyeza. Nikasimama, nikawasomea kina mama kwa sauti kama tangazo, nikawaeleza kwamba sentensi hii ilitungwa hapa hapa, kwenye meza hii, na ikavishwa ndani ya kishikwambi na mtoto wa kaka yangu aliye mjini. Walipiga makofi. Mmoja alipiga kigelegele, watoto sita wakaamka wakalia.

Nikabonyeza "Yabaki". Kumi wote walibaki.

Sasa kuna mama mmoja, mpishi wa shule, mwenye macho makali, alikuwa amekaa mwanzo wa benchi na mwanawe mapajani, zamu yake imefika. Akasema, "Hongera kwake, Sista. Na lile neno la kwanza, lililotupotezea siku nzima, nalo lilivishwa na nani?"

Mkunga akaanza kukohoa. Nikamchukua yule mtoto, nikamlaza kwenye mizani, nikainama, nikaisoma mwenyewe, mshale uko wazi kabisa.

"Kilo sita na robo," nikasema kwa sauti kubwa. "Anakua vizuri. Mwingine!"

Shangazi yako